Mimi natoka damu kwenye fizi, mume wangu hatoki hata tone. Nani mgonjwa?

SWALI

Daktari, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Jambo ninaloandika nyumbani kwetu linafichwa na kugombaniwa kwa wakati mmoja, ndiyo maana nimeona nikuulize wewe usiyetujua.

Mimba hii imenijia na uchu wa mabuyu. Kila jioni lazima niyapate, yale mekundu yetu yanayotia rangi ulimi na vidole. Kwa hiyo nilipoanza kutema mate mekundu asubuhi nikipiga mswaki sikushtuka, nikasema ni rangi ya mabuyu tu. Baadaye kiungulia kikanizidi nikayaacha, na mate yakabaki mekundu vilevile. Nikajitazama kwenye kioo nikaona fizi za mbele zimevimba, zinang'aa, na mswaki ukizigusa zinatoka damu. Hata nikiuma pera, alama ya damu hubaki kwenye pera. Maumivu sina kabisa.

Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, alisema hiyo ni kiseyeye, ninywe maji ya ndimu. Nimekunywa, na nimesugua fizi kwa kipande cha ndimu mpaka meno yakafa ganzi, lakini damu iko palepale. Halafu akaniambia kwamba kila mtoto huondoka na jino la mamake, ndivyo yalivyomwishia yeye, na kwamba nisithubutu kwenda kwa daktari wa meno nikiwa na mimba. Tena anasema mtu akishasafishwa meno hospitalini huo ndio mwanzo wa kulegea, kwani jirani yake yalimkuta hayo. Mama mkwe ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, na mdomoni mwake hakuna jino lake hata moja.

La pili ni mume wangu. Ana miaka 41, ni dereva wa matatu. Anavuta sigara, na jioni akikaa na wenzake hutafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, na jojo. Nilipomwonyesha damu alicheka, akachukua mswaki akapiga mbele yangu, akatema mate meupe kabisa. "Unaona? Meno ya kiume haya." Tangu siku hiyo mimi ndiye mgonjwa wa nyumba.

Lakini Daktari, mimi ndiye ninayelala naye. Harufu ya mdomo wake si ya sigara. Hata asubuhi kabla hajagusa chochote ipo, ni harufu ya uozo. Meno yake ya mbele ya chini yamekuwa marefu na yameachana, na moja hucheza akilisukuma kwa ulimi. Yeye asema ni kwa sababu aligongwa na mpira utotoni. Siku hizi hawezi kula nyama bila kijiti cha meno, na zamani hakuwa hivyo. Tukienda kwa watu huweka karafuu mdomoni. Usiku mimi humpa mgongo, naye huona nimemkasirikia, tunanuniana mpaka asubuhi bila mmoja wetu kuitaja sababu.

Naomba unijibu: damu yangu ni ya mimba na itakwisha yenyewe? Kutibiwa meno sasa kuna hatari kwa mtoto? Mume wangu asiyetoka damu ni mzima kweli? Na kama si mzima, mke humwambiaje mumewe kwamba mdomo wake unanuka?

Mwenye mate mekundu,
Kisauni, Mombasa

JIBU

Waaleikumu salaam, dada yangu, na Mungu akujaalie ujifungue salama.

Nitaanza na swali lako la tatu kwa sababu ndilo zito. Kwa dalili ulizozieleza, yaelekea nyote wawili mna ugonjwa wa fizi. Wako bado uko katika hatua inayoweza kupona ukawa kama haukuwahi kukupata. Wa mumeo, kwa hayo uliyoyaona kwa macho yako, yamkini umekwishapita hapo. Barua haiwezi kupima mdomo wa mtu, ila kati yenu wawili, anayenitia hofu ni yeye asiyetoka damu.

Sigara ndiyo inayomficha. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu ya ufizi. Ufizi wa mvutaji huonekana umekazana na mkavu, hata wa kupendeza, na hautoi damu kama ambavyo ungetoa, ilhali chini yake mfupa unaoshika jino unaendelea kuliwa. Wavutaji huupata ugonjwa huu kuliko wasiovuta, huwa mkali zaidi kwao, na huchelewa kupona hata wakitibiwa. Kwa hiyo yale mate meupe aliyoyatema mbele yako hayakuthibitisha chochote. Na akiacha sigara, jambo ninalomwombea, asishangae fizi zikianza kutoa damu baada ya wiki chache. Damu inarudi kwenye ufizi uliokuwa umenyimwa. Nimewaona watu wakirudia sigara kwa kudhani kuiacha ndiko kulikowadhuru.

Sasa yatazame aliyokuonyesha bila kujua. Meno kuwa marefu: jino la mtu mzima halikui, ni ufizi uliorudi chini ukaliacha shina wazi. Meno kuachana: yanasogea kwa kuwa kinachoyashika kimepungua. Nyama kuanza kunasa mahali ambapo haikuwa ikinasa: hii ni dalili ambayo karibu kila mtu huipuuza, akanunua vijiti na kuendelea na maisha, na mimi nikiisikia kwa mtu aliyepita miaka 35 huitilia maanani sana. Harufu ya uozo inayokuwapo hata kabla ya kula hutoka kwenye gesi zenye salfa ambazo bakteria huzitengeneza chini ya ufizi, mahali mswaki usipofika. Karafuu haiwezi kitu hapo, inafunika tu kwa nusu saa. Na jino linalocheza ni dalili ya mwisho mwisho. Kuhusu ule mpira, si kawaida jino lililogongwa utotoni lingoje hadi miaka 41 ndipo lilegee, tena pamoja na jirani zake.

Muguka nao una lake. Bonge hukaa shavu moja kwa saa nyingi, hukwaruza ufizi na kuukausha mdomo, na jojo na soda zinazoandamana nalo huacha sukari humo humo. Akikubali kufungua mdomo, linganisha upande anaobugia na ule mwingine. Mara nyingi ndiko ufizi ulikorudi zaidi. Najua muguka ni jambo la moto hapa kwetu, hasa tangu 2024 gavana Abdulswamad Nassir alipotangaza marufuku na mambo yakafika mahakamani. Mimi siamui kesi hiyo. Nasema tu kile ninachokiona nikimlaza mtu kwenye kiti.

Nikueleze ugonjwa wenyewe unavyokwenda, maana ukiuelewa utajua kwa nini wewe nakutuliza na yeye namharakisha. Saa chache baada ya kupiga mswaki, ukoga huanza kujijenga upya juu ya meno. Ni utando laini, umejaa bakteria, na hupenda mstari ule jino linapoingia kwenye ufizi. Ukiachwa hapo, mwili hupeleka damu zaidi mahali pale kupigana nao, ufizi huvimba na kulainika, na ngozi yake ya ndani huchubuka kwa kuguswa tu. Mwaka 1965 nchini Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Wote walivimba fizi kati ya siku ya 10 na ya 21. Waliporudi kusafisha, fizi zikapona kwa muda wa kama wiki moja. Hapo ndipo ulipo wewe, dada yangu.

Ukoga usipotolewa hunyonya madini ya mate ukawa mgumu, ndio ugaga. Hupenda kujijenga nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa sababu mirija ya mate hufungukia hapo chini ya ulimi. Mwambie mumeo apitishe ulimi nyuma ya yale meno yake. Akihisi ukuta wa kukwaruza badala ya kuhisi kila jino kivyake, huo ni ugaga, na hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoutoa. Juu ya ugaga ukoga mwingine hupata pa kushika, ufizi huachana na jino, na katikati hutokea mfuko. Ndani ya mfuko huo ugonjwa hubadilika tabia, nasi huuita periodontitisi. Mfupa wa taya unaoshika jino hupungua kidogo kidogo, na ukishakwenda haurudi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 ilikadiria kwamba hatua kali ya ugonjwa huu inawapata asilimia 19 hivi ya watu wazima duniani, zaidi ya watu bilioni moja.

Na muda wote huo hauumi. Ningeweza kuisema sentensi hiyo kwenye kila kibaraza cha Mombasa ningeisema. Jino lenye tundu hukuamsha usiku, likakupeleka kwa daktari hata kama hutaki. Ufizi hauna tabia hiyo. Mtu hukaa nao miaka kumi na tano akila, akicheka, mpaka siku jino linapomtoka kwenye mkate. Na kwa kuwa wengi wetu tunatoka damu, tumeifanya damu kuwa jambo la kawaida. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa Kenya mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoa damu kwa asilimia 98 ya watu wazima waliopimwa. Kuwa wengi hakuufanyi ugonjwa uwe uzima. Ungeona damu kila asubuhi ukinawa mikono, ungengoja?

Nitasema jambo moja kuhusu rangi, kwa sababu mabango na picha nyingi hutudanganya. Huonyesha ufizi wa waridi ndio mzima. Wengi wetu tuna fizi zenye weusi au ukahawia, wengine mabaka mabaka, na huo ni weusi wa ngozi yetu, si ugonjwa. Usihukumu ufizi kwa weusi wake. Simama dirishani asubuhi kwenye mwanga wa jua, vuta mdomo chini, utazame umbo. Ufizi mzima umebana jino, kati ya meno mawili una kipembe chenye ncha, na ukiukausha kwa kitambaa uso wake mara nyingi una vidoto kama ganda la chungwa. Ulioanza kuugua hupoteza vile vidoto, hung'aa, ncha zile huviringana na kujaa, na pale palipovimba rangi hugeuka ikawa nyekundu ya kuiva au zambarau kuliko kawaida yako mwenyewe. Ukibonyeza kwa kidole kisafi pakatoka usaha, hapo hakuna cha kujadili.

Sasa mimba. Homoni zako zimepanda, na zinafanya ufizi uupokee ukoga kwa hasira mara kadhaa kuliko siku za kawaida. Huanza kama mwezi wa pili na huzidi kuelekea wa nane. Lakini homoni hazifanyi kazi peke yake. Pasipo ukoga hakuna cha kukasirikia. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba mimba imekuza kile kilichokuwapo. Baada ya kujifungua kitapungua, ila usikingoje. Wanawake wengine hutokewa na kinyama chekundu kati ya meno mawili, kinachokua haraka na kutoa damu nyingi. Kinatisha, si saratani, na mara nyingi hunywea baada ya uzazi, lakini kionyeshe.

Mama mkwe nampa heshima yake, na kwa kiseyeye hakukosa kabisa, maana kiseyeye kweli huvimbisha fizi. Ni upungufu mkubwa wa vitamini C. Mji wetu una habari yake ya zamani: merikebu za Vasco da Gama zilipofika nje ya Mombasa Aprili 1498, mabaharia wake walikuwa wameugua njiani, fizi zimevimba zikafunika meno hata hawawezi kula. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea machungwa, ndimu na miwa, na wagonjwa wao wakapata afya hapa. Lakini wale walikuwa wametoka miezi baharini bila tunda. Wewe unakula mapera na maembe, kiseyeye hakikuhusu. Acha kusugua ndimu. Asidi yake inalainisha ganda la jino, ndiyo maana meno yamekufa ganzi, na fizi haikupata faida yoyote. Ukitapika pia, sukutua kwa maji kwanza, ungoje kama nusu saa ndipo upige mswaki, kwa sababu hiyo hiyo ya asidi.

La mtoto kuondoka na jino la mamake halina ukweli. Mtoto hachukui madini ya chokaa kwenye meno yako. Meno yaliyomtoka mama mkwe, kama yalilegea na kutoka moja moja, nadhani yalichukuliwa na fizi zikisaidiwa na sukari. Mwenye kisukari ana hatari ya periodontitisi kama mara tatu ya asiyekuwa nacho, na mambo huenda pande zote mbili: fizi zenye ugonjwa huifanya sukari iwe ngumu kushuka, na fizi zikitibiwa vizuri kipimo cha sukari nacho hushuka kiasi. Kwa hiyo mumeo, mtoto wa mama mwenye sukari, akapimwe damu. Nawe kliniki ya wajawazito wakitaka kukupima sukari usikatae.

Kuhusu kusafishwa meno na kulegea, najua jirani hakusema uongo kuhusu alichokihisi. Ugaga ukijaa kati ya meno huyashikamanisha. Ukiondolewa, meno ambayo mfupa wake ulikwishapungua hujitambulisha, fizi zilizovimba hunywea, mapengo yanaonekana, na maji baridi huchoma kwa siku kadhaa. Aliyelegeza ni ugonjwa, daktari amefunua tu. Lakini nawalaumu wenzangu pia, kwa sababu mgonjwa asipoambiwa haya kabla, akitoka mlangoni atawaambia mtaa mzima kwamba ameharibiwa. Mwambie mumeo mapema.

Na hapana, kutibiwa hakumdhuru mtoto. Miezi mitano ni wakati mzuri kabisa: kichefuchefu kimepungua na tumbo bado halijawa zito. Kusafishwa ni salama, ganzi ya lignokeini ni salama, na hata eksirei ya meno ikilazimu hupigwa kwa tahadhari. Ukilala kwenye kiti omba uwekewe mto chini ya ubavu wa kulia ulalie kushoto kidogo, tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Usichopaswa kufanya ni kwenda duka la dawa kujinunulia vidonge. Tetrasaiklini hutia rangi meno ya mtoto tumboni, na ibuprofeni baada ya wiki ya 20 inaweza kumdhuru. Hata amoksilini na metronidazoli, ambazo watu huzinunua jioni kama njugu, haziondoi ugaga. Uvimbe hupoa, mtu hufurahi, ugonjwa unaendelea.

Nyumbani, anza leo usiku. Chukua mswaki laini, uulaze nusu nusu kati ya jino na ufizi, uusogeze kidogo kidogo kwa dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Piga hata pale panapotoka damu, tena hapo zaidi, kwa upole. Watu huogopa damu wakapaacha, na kwa kupaacha wanaulisha ugonjwa. Kati ya meno pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku, na ukiunusa ukanuka, umejua mahali pa kurudia. Ukifanya hivi bila kukosa, damu itapungua ndani ya wiki mbili hivi. Ikiwa haikupungua, kuna ugaga unaohitaji mkono wa daktari. Maji ya chumvi vuguvugu yanatuliza, sukutua ukipenda. Mkaa na majivu achana navyo. Mabuyu kula, ila yale mekundu ya sukari uyale pamoja na chakula kuliko kuyamumunya jioni nzima.

Kama mumeo anapenda mswaki wa mti wakati wa kutawadha, usimkataze. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1986 kwa watu wenye desturi hiyo, nami naukubali. Kasoro ni kwamba wengi huzungusha mbele tu, magego na upande wa ndani wa meno wakavisahau.

Nimefika kwenye swali lililokufanya uandike, naona. Usimwambie kwamba ananuka. Neno hilo likishatoka halirudi, na atajitetea kwa sigara, kwa kitunguu, kwa chochote. Usiseme mbele ya mamake, wala wakati ana muguka shavuni na wenzake wamemzunguka. Ngoja mko wawili, ametulia, useme kuhusu jino: "Baba fulani, hilo jino linalocheza linanitia wasiwasi, na nimeona lingine limeanza kusogea." Mwanamume atabishana nawe kuhusu harufu mpaka kukuche, lakini jino analolisukuma mwenyewe kwa ulimi kila siku hawezi kulikana. Kisha umwombe akusindikize. Wewe una mimba, unatoka damu, hutaki kwenda peke yako, na yote hayo ni kweli. Mkifika mwambie, "Na wewe tazamwa, tumeshafika." Wanaume wengi ninaowatibu walikuja hivyo, wakimsindikiza mtu.

Na ile migongo ya usiku, akianza matibabu mwambie ulichokuwa ukikikwepa. Wakati huo ataweza kusikia, kwa sababu atajua kina jina na kinaondoka. Sasa hivi anadhani humpendi, na hilo linamuumiza kuliko harufu ingemuumiza.

Mkitaka hospitali ya umma, Hospitali Kuu ya Pwani, yaani Makadara, ina kitengo cha meno. Kliniki za kibinafsi ni ghali zaidi, na popote mtakapokwenda ulizeni gharama kabla hamjakaa kwenye kiti, na mhakikishe daktari amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Msiende kwa mtu wa mtaani mwenye koleo.

Msingoje miadi, mwende siku hiyo hiyo, mkiona uso au chini ya kidevu kumevimba pamoja na homa, au kumeza na kufungua mdomo kumekuwa kugumu. Vilevile vidonda vya ghafla kwenye ncha za fizi, vyenye utando wa kijivu, maumivu makali na uvundo. Fizi zinazotoka damu pamoja na pua, au na alama nyeusi mwilini bila kugongwa, hizo zinataka kipimo cha damu. Na kwa mumeo hasa: kidonda, baka jeupe au jekundu shavuni upande anaobugia, lisilopona kwa wiki mbili, lionyeshwe hata kama haliumi.

Daktari atawapima kwa kijiti chembamba chenye alama, sehemu sita kuzunguka kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Nne na kuendelea ni mfuko. Mumeo aombe aandikiwe namba zake na azihifadhi, kwa sababu atasafishwa hadi chini ya ufizi kwa ganzi, pengine kwa siku zaidi ya moja, kisha atapimwa tena baada ya miezi mitatu hivi, na hizo namba ndizo zitakazomwambia kama anapona. Baadaye atahitaji kurudi kila miezi mitatu hadi sita. Mfupa uliokwenda hautarudi, lakini unaweza kuzuiwa kuendelea, na jino lililolegea kiasi wakati mwingine hukaza uvimbe ukiondoka. Ataje sigara zake kwa idadi ya kweli, na muguka pia, bila aibu. Nawe utaje mimba yako ni ya wiki ngapi kabla hujafungua mdomo.